Bidhaa mbovu, viti vitatu: wakili wa aliyeumia, wakili wa kampuni au afisa wa serikali?

Ukimaliza Shule ya Sheria ya Kenya na uanagenzi wa miezi sita, ukaapishwa na jina lako likaingia kwenye orodha ya mawakili, kesi zitakazokufuata zenyewe ni za ajali za barabarani, ardhi, mirathi na madeni. Kesi ya mtoto aliyeunguzwa na chaja ya simu, au ya mama aliyeharibiwa ngozi na krimu yenye zebaki, haikufuati. Anayetaka kazi hiyo huitafuta, na akiitafuta hukuta njia tatu: kumtetea aliyeumia, kuitetea kampuni iliyotengeneza au kuuza, au kuajiriwa na vyombo vya serikali vinavyosimamia ubora.

Wanafunzi wa mwaka wa nne huzilinganisha njia hizi kwa mshahara. Mimi naona swali la kwanza ni nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na la pili ni nani anaweza kumudu kusubiri. Nitazilinganisha hivyo, na sitaficha kwamba moyo wangu uko kwa aliyeumia.

Kesi moja, viti vitatu

Mfano unaoonyesha viti vyote kwa pamoja ni wa Marekani. Machi 2010, jimboni Georgia, muuguzi kijana alikufa baada ya gari lake, Chevrolet Cobalt, kupoteza mwelekeo na kugongana na jingine. Wazazi wake walimwendea wakili Lance Cooper. Swali lilikuwa kwa nini injini ilizimika likiwa katika mwendo. Cooper alimtumia mhandisi aitwaye Mark Hood, naye akaifungua swichi ya ufunguo na kuipima. Hakupata jibu mpaka aliponunua swichi mpya ya gari hilohilo, kwa dola 30 hivi, akaziweka mbili hizo mezani. Zilikuwa na nambari ileile ya kipuri, lakini springi iliyokuwa ndani ya swichi mpya ilikuwa ndefu zaidi, na ufunguo ulikaa imara zaidi, bila kuteleza na kuzima injini. Kampuni ya General Motors (GM), mtengenezaji wa gari hilo, ilikuwa imekibadilisha kipuri bila kubadilisha nambari, kwa hiyo aliyesoma rekodi peke yake asingeona kitu. Mhandisi wa GM aliyehusika na swichi hiyo alipohojiwa chini ya kiapo mwaka 2013 alikana kujua badiliko hilo. Mwaka uliofuata GM iliagiza yarudishwe magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi hiyo, na mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Sasa angalia viti vingine viwili. Uchunguzi ambao GM yenyewe iliuagiza kwa wakili Anton Valukas ulikuta kwamba wanasheria wa ndani walikuwa wakimaliza madai ya Cobalt kwa mapatano bila kulipandisha tatizo ngazi za juu. Wafanyakazi 15 waliondolewa, wakiwemo wanasheria. Na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikuwa imeletewa pendekezo mwaka 2007, kutoka kwa mtu wake yenyewe, la kuchunguza kwa nini mifuko ya hewa ya magari hayo haifunguki, maana swichi ikizima injini, nayo hubaki imefungwa. Ikaamua kutochunguza. Mwaka 2014 ndipo ilipoitoza kampuni faini ya dola milioni 35.

Kwa miaka yote hiyo, kampuni na serikali ndizo zilizokuwa na habari nyingi zaidi. Aliyekuwa na habari chache kuliko wote, wakili wa wazazi, ndiye aliyepata jibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sababu ya kulitafuta hadi mwisho. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa ya kukishauri kiti chake. Lakini ukikaa Nairobi, Mombasa au Eldoret kiti hicho kina masharti tofauti na cha Georgia, na ni haki uyajue.

Aliyeumia: sheria tele, ushahidi haba

Kwenye karatasi, mtumiaji wa Kenya amelindwa vizuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya habari, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Ipo Sheria ya Ushindani ya 2010, yenye sehemu nzima kuhusu maslahi ya watumiaji. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Ipo ile kongwe ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 31. Na chini ya zote kuna sheria ya uzembe tuliyoirithi kutoka Uingereza.

Tatizo liko kwenye kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi: anayedai ndiye anayethibitisha. Kampuni ina maabara, ina rekodi za kila bachi (fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja), ina wahandisi. Mteja wako ana chupa iliyobaki nusu, na risiti aliitupa kabla hajatoka dukani.

Kwa hiyo kazi halisi ya wakili huyu haifanani na ile ya kwenye runinga. Chukua mtu aliyekunywa soda akakuta uchafu ndani. Siku ile ya kwanza, unayomwambia ndiyo yanayoamua kesi itakayosikilizwa baada ya miaka miwili. Asimwage kilichobaki. Asioshe chupa. Apige picha ya kifuniko, tarehe ya mwisho wa matumizi na nambari ya bachi, kisha chupa ifungwe, iwekwe mahali baridi, na iandikwe nani ameishika na lini. Aende hospitali siku hiyohiyo, maana ripoti ya daktari ya wiki tatu baadaye ni mlango uliofunguliwa kwa wakili wa upande wa pili. Kama risiti haipo, ujumbe wa M-Pesa unaotaja till ya duka, kiasi na saa ni ushahidi mzuri wa ununuzi, na wengi hawajui kwamba wanao mfukoni. Gharama za matibabu ziwe na karatasi moja moja, kwa sababu mahakama zetu hazitoi fidia ya matumizi ambayo hayakutajwa kwenye madai na kuthibitishwa kwa stakabadhi.

Kisha huja maabara. Usipeleke sampuli yote. Bakiza sehemu ili kampuni nayo ipime, la sivyo utaulizwa ulichokuwa ukikificha. Na ukishapata majibu, jiandae kwa hoja mbili ambazo hazikosekani kamwe: kwamba chupa ilifunguliwa njiani baada ya kutoka kiwandani, na kwamba hiyo si bidhaa yetu, ni ya magendo. Hoja ya pili Kenya ina uzito, bidhaa bandia zimejaa. Ndiyo maana nashauri nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, ihakikiwe mapema, kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, na majibu yahifadhiwe kwenye faili.

Kuna silaha moja naona haitumiki inavyostahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine, si serikali peke yake, zinapohitajika kulinda haki fulani. Wenzetu wa Marekani humhoji shahidi wa kampuni chini ya kiapo kabla kesi haijasikilizwa. Ndivyo yule mhandisi wa GM alivyobanwa. Sisi kwa kawaida tuna ombi la nyaraka na maswali ya maandishi tu. Wakili anayekijua kifungu cha 35 anaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, kwa barua ya kuomba rekodi za bachi hata kabla ya kufungua kesi.

Subira ni sehemu ya kazi, na kushindwa pia. Walter Leechman, wakili wa Glasgow, alishindwa Machi 1929 katika kesi za panya waliokutwa ndani ya chupa za kinywaji cha tangawizi. Chini ya wiki tatu baadaye akafungua nyingine ya aina hiyohiyo, ya May Donoghue, mfanyakazi wa duka aliyesema amekuta konokono kwenye chupa mjini Paisley. Kinywaji kilinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Ilibidi atambuliwe rasmi kuwa fukara ndipo rufaa yake isikilizwe London. Mwaka 1932 alishinda kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki anaisoma hukumu ile. Wachache hukumbuka kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa, kwani mambo yaliisha kwa mapatano.

Pesa

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, basi tuseme wazi.

Marekani wakili wa aliyeumia hulipwa akishinda, mara nyingi theluthi hivi ya fidia, na asiposhinda halipwi. Mpango huo ndio uliomwezesha mzazi wa kawaida kupambana na GM. Kenya umekatazwa. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura 16, kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda, na pia makubaliano ya wakili kununua sehemu ya kile kinachodaiwa. Ada zako zinafuata Amri ya Malipo ya Mawakili, na ukishinda mahakama humwamuru aliyeshindwa kulipa gharama. Ukishindwa, huenda mteja wako akatakiwa kulipa za kampuni. Mweleze hilo siku ya kwanza, kabla hajatia saini chochote. Na usithubutu kuzunguka wodini kutafuta wagonjwa. Kunadi kesi ni kosa la kitaaluma.

Ongeza na hili. Mwenye matatu analazimishwa na sheria ya bima ya magari, Sura 405, kuwa na bima ya kufidia watu wengine, kwa hiyo hata akiwa hana kitu, ipo kampuni ya kulipa hukumu, hadi shilingi milioni 3. Mwagizaji wa chaja za simu hana bima ya lazima ya namna hiyo. Unaweza kushinda kesi nzuri kabisa dhidi ya mtu aliyefunga duka akahamia jina jingine la kampuni. Kabla ya kumwandikia mtu barua ya madai, chunguza msajili wa kampuni ana nini juu yake, na ulijumuishe duka kubwa lililouza ikiwa lipo.

Upande wa kampuni hali ni nyingine. Mawakili walio kwenye paneli ya kampuni ya bima, yaani orodha ya wale inaowapa kesi zake, hulipwa kwa faili, washinde au washindwe. Wakili aliyeajiriwa ndani ya kampuni ana mshahara, na mara nyingi bima ya afya. Afisa wa sheria serikalini ana mshahara wa ngazi na pensheni. Kwa mtu anayelipa mkopo wa masomo wa HELB na kuwasomesha wadogo zake, hizi si hoja ndogo, na simlaumu anayeanza nazo.

Kwa aliyeamua kumtetea aliyeumia, jibu la kweli ni mchanganyiko. Sidhani ofisi ndogo Kenya inaweza kuendeshwa kwa kesi za bidhaa mbovu peke yake. Kesi za ajali na za wafanyakazi waliojeruhiwa kazini zinatumia ujuzi uleule wa ripoti za madaktari na makadirio ya fidia, nazo ndizo zitakazolipa kodi ya ofisi. Madai madogo nayo yana njia: Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inahusu kiasi kisichozidi shilingi milioni 1, inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na inataja fidia ya majeraha ya mwili, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya upana wa mamlaka hayo. Soma hukumu za karibuni kwenye tovuti ya Kenya Law kabla hujaamua ufungue wapi. Wanaotaka kuwatetea wasio na uwezo kabisa wanaweza kuanzia Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Ndani ya kampuni

Ningependa watu waache kukichukulia kiti hiki kuwa cha wasaliti. Wakili wa kampuni huingia kiwandani. Huona jinsi bachi inavyosajiliwa, jinsi malalamiko yanavyopokelewa, na huweza kumwambia mkurugenzi Jumatatu asubuhi kwamba lebo hii haionyi vya kutosha, au bidhaa hii irudishwe kabla mtu hajafa. Akisikilizwa, ameokoa watu wengi kuliko wakili wa aliyeumia atakavyowahi kuokoa kwa kesi.

Asiposikilizwa je? Jiulize swali hilo kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Wale wa GM walimaliza faili moja baada ya jingine, kila moja kwa utaratibu unaokubalika, na hakuna aliyeziweka mezani kwa pamoja na kusema gari hili lina kasoro. Kama wewe ni mtu anayeweza kusema jambo hilo kwenye kikao hata kama atalipia kwa kazi yake, kampuni inakuhitaji sana. Kama unajijua unanyamaza mbele ya wakubwa, kiti hiki kitakuumiza polepole.

Kama mafunzo kiti hiki ni kizuri mno. Hakuna mahali pengine utakapojifunza upesi hivyo jinsi upande wa pili unavyofikiri. Lakini usidhani utatoka na siri za mwajiri wako kwenda kumshtaki. Wajibu wa kutunza siri unabaki, na utazuiliwa kwenye kesi dhidi ya mteja wako wa zamani. Anayepanga kuhama afanye hivyo mapema, kabla hajashughulikia kampuni nyingi za sekta moja.

Serikalini

Kuna madhara ambayo wakili wa mtu mmoja hawezi kuyashika. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu, yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mengi ya mahindi yale yalilimwa na kuhifadhiwa nyumbani na jamaa wenyewe, au yalinunuliwa sokoni kwa debe. Unamshtaki nani? Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Mtu aliyekula unga ule kwa miaka kumi akapata saratani ya ini hana njia ya kuonyesha mahakamani kwamba ulikuwa ni ule wa pakiti ile. Hapo fidia haifiki. Kinachofika ni kipimo kilichochukuliwa ghalani, notisi iliyoandikwa vizuri kiasi cha kutobatilishwa mahakamani, na afisa anayeifuatilia hadi rafuni dukani.

Wakili aliye KEBS, Mamlaka ya Ushindani au Bodi ya Dawa na Sumu ana uwezo ambao hao wengine wawili hawana: anaweza kuzuia bidhaa bila kusubiri mtu aumie. Anachokosa ni mteja. Mama mwenye mtoto aliyeungua hatatoka ofisini kwako na hundi. Atatoka na nambari ya malalamiko. Wengine huridhika na kazi inayolinda maelfu wasiowajua. Mimi ningekosa sura ya mtu, na nadhani wapo wengi kama mimi.

Nani aende wapi

Kama unapenda kuongea mahakamani lakini karatasi zinakuchosha, usiende kwa aliyeumia; kesi hizi hushindwa kwa karatasi. Kama huwezi kukaa miezi kadhaa bila malipo kutoka faili fulani, anza kwenye paneli ya bima au ndani ya kampuni, ujiwekee akiba na ujifunze. Mwenye shahada ya sayansi kabla ya sheria, au aliyekulia kwenye karakana, nampeleka kwa aliyeumia bila kusita, maana atauliza swali la springi. Anayewaza kuhusu maji, unga na dawa za nchi nzima aende serikalini na akae huko muda wa kutosha kujua maabara.

Anayevutwa na Marekani kwa sababu ya ile theluthi akumbuke kwamba kule ofisi ya wakili ndiyo inayolipia wahandisi na wataalamu kwa miaka mingi, na kesi ikianguka hasara ni yake. Majopo ya raia na fidia za adhabu zilizo kubwa ni za kule. Kenya kesi za madai huamuliwa na hakimu au jaji, na viwango hufuata hukumu zilizotangulia.

Kabla hujachagua ofisi ya kufanyia uanagenzi, uliza maswali matatu kwenye mahojiano. Je, mmewahi kuita mtaalamu wa maabara kutoa ushahidi? Vielelezo mnavihifadhi wapi, na nani ana ufunguo? Na je, nani anaandika kwenye kalenda ile miaka mitatu ambayo Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura 22, inampa aliyejeruhiwa kwa uzembe? Ofisi inayojibu hilo la tatu kwa kutaja jina la mtu, badala ya kusema "huwa tunakumbuka", ndiyo ya kuombea nafasi. Ukiingia, omba faili moja la bidhaa mbovu lililokwisha, la ushindi au la kushindwa, ulisome kuanzia barua ya kwanza ya madai hadi hukumu, na uandike pembeni kila mahali ambapo karatasi moja zaidi ingebadilisha mambo.